Vitabu Adimu na Vyombo vya Waingereza katika Historia ya Kilosa na Mikumi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa zaidi madukani na sokoni, ambako mtu hukopesha na kusahau. Lakini maana yake inalifaa taifa zima kuliko inavyomfaa mwenye duka. Taifa nalo lina mali isiyokuwa fedha wala mazao. Ni mali ya kumbukumbu: maandishi, vyombo, majengo na maneno ya wazee. Mali hiyo isipohesabiwa na kutunzwa hutoweka polepole, na wenyewe hugundua hasara siku wanapoulizwa na watoto wao swali wasiloweza kulijibu.

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia sehemu moja ya mali hiyo ambayo kwa kawaida hatuihesabu kuwa yetu. Hii ni ile ya vitabu vya zamani vilivyoandikwa na Waingereza juu ya nchi yetu, pamoja na vyombo walivyovileta na kuviacha. Tutaitazama kutoka mahali pamoja, yaani Kilosa na Mikumi katika Mkoa wa Morogoro, kwa sababu sehemu hizo zilipitiwa na misafara, zikatawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, zikalimwa mkonge na kupitishwa reli.

Yapo maoni kwamba kuvitunza vitu vya mkoloni ni kumtukuza mkoloni. Maoni haya hayafai kudharauliwa, maana yametokana na uchungu wa kweli. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, shabaha ilikuwa kuwarudishia wananchi heshima ya ngoma zao, nyimbo zao na mila zao, ambazo shule za kikoloni zilikuwa zimewafundisha kuzionea haya. Je, tukiisha kurudishiwa vilivyo vyetu, ya nini tena kukusanya taa na taipureta za Bwana Shauri? Swali hili tutalijibu, lakini kwanza yafaa tujue ni vitu gani hasa tunavyovizungumzia.

Njia ya misafara na vitabu vyake

Kabla ya reli na kabla ya barabara ya lami, njia kuu ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Wasagara. Misafara ilivuka mbuga ya Mkata, ikafuata bonde la mto Mkondoa, kisha ikapanda milima kuelekea Mpwapwa na Ugogo. Waingereza waliopita njia za Usagara katika karne ya 19 waliandika vitabu ambavyo leo vinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Richard Burton na John Hanning Speke walipita mwaka 1857, na kitabu cha Burton juu ya nchi za maziwa ya Afrika ya Kati kilichapishwa London mwaka 1860 katika majuzuu mawili. Speke alirudi mwaka 1860 pamoja na James Grant, na kitabu chake kikatoka mwaka 1863. Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Livingstone, alipita mwaka 1871 na kuchapisha habari zake mwaka uliofuata. Verney Lovett Cameron alipita mwaka 1873, na majuzuu yake mawili yalitoka mwaka 1877.

Msomaji wa Mikumi akikifungua kitabu cha Stanley ataikuta mbuga ya Mkata, ambayo sehemu yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Leo wageni huipita mbuga hiyo ndani ya magari wakitazama nyati na twiga. Stanley aliivuka wakati wa masika, maji yakiwa yameifunika nchi, na wapagazi wake wakitembea katika tope wakiwa na mizigo vichwani. Msomaji wa Kilosa naye ataukuta mto wake Mkondoa, ingawa jina limeandikwa kwa namna ambayo masikio ya kigeni yalilisikia. Vitabu hivi basi si habari za ng'ambo. Ni habari za mito na vijiji vyetu zilizochukuliwa ng'ambo na kuuzwa huko.

Hata hivyo, lipo jambo jingine ambalo majalada ya vitabu hivi hayalionyeshi. Safari zote hizo nne zilikuwa na mtu mmoja yule yule, jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Alitumika kwa Burton na Speke, akatumika tena kwa Speke na Grant, akawa mkuu wa askari wa Stanley, kisha akaivuka Afrika pamoja na Cameron hadi pwani ya magharibi. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya fedha na malipo ya uzeeni mwaka 1876. Waandishi wanne walisifiwa kwa vitabu vyao. Mtu aliyewafikisha walikotaka kwenda hakuandika hata kimoja. Anayekusanya vitabu hivi bila kumtafuta Bombay ndani ya kurasa zake amekusanya majalada tu.

Mamboya na maneno ya Kikaguru

Upande wa kaskazini, katika milima ya Ukaguru, wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS walifungua kituo Mamboya karibu na mwaka 1880. Mmoja wao alikuwa Joseph Thomas Last. Huyu hakuwa msomi wa chuo kikuu, lakini alikuwa na sikio zuri na uvumilivu. Mwaka 1885 alichapisha London kitabu cha maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48 za Afrika kusini ya Ikweta, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kikaguru. Vitabu vyote viwili ni adimu sana leo.

Hapa tunaanza kulijibu lile swali la mwanzo. Sarufi ya Kikaguru ya mwaka 1886 ni mali ya nani? Karatasi ni ya Uingereza, mpiga chapa ni wa Uingereza, na jina lililo juu ya jalada ni la Mwingereza. Lakini kila neno lililomo ndani lilitoka katika kinywa cha Mkaguru. Wazee wa Mamboya ndio waliokaa na mgeni, wakamtamkia neno mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, wakamcheka alipokosea na kumsahihisha. Kitabu hicho kimehifadhi usemi wa watu waliozaliwa kabla ya Mjerumani kuingia nchini. Kijana wa Kilosa anayetaka kujua babu wa babu yake alisemaje hana mashahidi wengi kuliko hao. Kuliita andiko kama hilo kitu cha kigeni tu na kuliacha lipotee ni kuwanyamazisha wazee wetu mara ya pili.

Hayo yanahusu pia vitabu vikubwa vya Kiswahili vya zama zile: kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870 cha kufundishia lugha, kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kadhalika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Kiingereza Dar es Salaam mwaka 1923. Gazeti lilikuwa la serikali, lakini barua na mashairi mengi yaliyojaza kurasa zake yaliletwa na Waafrika wa bara na pwani: walimu, makarani na wakulima. Toleo moja la Mambo Leo lililobaki katika sanduku la mwalimu mstaafu ni hazina ambayo thamani yake haipimwi kwa fedha peke yake.

Karatasi ya Msovero

Wanafunzi wa historia wanalijua vema jina la Mangungo wa Msovero. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara na nchi jirani akiwa na karatasi zilizokwisha kuandikwa kwa Kijerumani. Wakuu wa wenyeji walitia alama zao katika maandishi wasiyoweza kuyasoma. Mwezi Februari 1885 mfalme wa Wajerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kutegemea karatasi hizo, na ukoloni ukaanza. Msovero ni katika nchi ya Kilosa. Tunaweza kusema basi kwamba Kilosa ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo nchi yetu ilishindwa kwa kalamu kabla ya kushindwa kwa bunduki.

Tumekitaja kisa hiki, ijapokuwa si cha Waingereza, kwa sababu kinatufundisha nguvu ya karatasi. Karatasi inaweza kusema uongo, nao uongo huo ukawa sheria. Lakini karatasi hiyo hiyo, ikihifadhiwa, ndiyo inayotuwezesha leo kuuthibitisha udanganyifu. Lau hati za Peters zingalichomwa zote, nani angaliweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi hila ile ilivyotendeka?

Boma la Kilosa na Kitabu cha Wilaya

Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliingia Kilosa mwezi Agosti 1916. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, ikaangukia mikononi mwa watawala wapya. Mwaka 1922 Tanganyika iliwekwa rasmi chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Uingereza ikiwa mtawala. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta utawala wa kupitia kwa machifu, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1926.

Utawala wa namna hiyo ulihitaji kujua chifu ni nani, ukoo wake ulitoka wapi na mila za watu wake ni zipi. Kwa hiyo kila boma lilikuwa na daftari kubwa lililoitwa Kitabu cha Wilaya. Kurasa zake ziligawanywa kwa vichwa vya habari: historia ya makabila, mila na sheria, ardhi, idadi ya watu, machifu na kadhalika. Mabwana Shauri walihamishwa mara kwa mara. Aliyeondoka alimwachia aliyekuja maarifa yake katika kitabu hicho. Kilosa nayo ilikuwa na Kitabu chake, na wataalamu wa historia ya Ukaguru na Usagara wamekitumia. Vitabu vya Wilaya sasa ni sehemu ya Nyaraka za Taifa, na nakala zake za filamu zimo pia katika maktaba za ng'ambo.

Tunapokisoma Kitabu cha Wilaya hatuna budi kuwa na tahadhari. Bwana Shauri aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia mara nyingi alikuwa na haja yake. Ukoo uliotaka uchifu ulisimulia historia kwa namna iliyoupendelea. Ukoo ulionyimwa haukuulizwa, au uliulizwa na usisikilizwe. Wanawake walihojiwa kwa nadra sana, ingawa Wakaguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Daftari hili basi si mizani ya haki. Ni shahidi mmoja, na shahidi huulizwa maswali.

Lakini shahidi huulizwa akiwapo. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Oxford kilianza mpango wa kuwaomba maofisa wastaafu wa makoloni wakabidhi barua, shajara na picha zao zihifadhiwe huko. Mengi yaliyoandikwa juu ya wilaya zetu yamo katika mikusanyo hiyo. Hatuwezi kuwalaumu waliokusanya kwa kuwa walikusanya. Twaweza kujilaumu sisi tu kwa kile kilichobaki nyumbani tukakiacha kiliwe na mchwa.

Iko pia ibara nyingine ya jambo hili. Gavana Edward Twining, aliyetawala Tanganyika tangu 1949 hadi 1958, alikuwa mpenzi mkubwa wa vitu vya kale. Aliandika kitabu kinene cha historia ya mataji na vito vya wafalme wa Ulaya, kikatoka mwaka 1960. Huyo ndiye aliyekwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, kutafuta fuvu la Mkwawa, na fuvu lililoaminiwa kuwa lake likakabidhiwa kwa Wahehe huko Kalenga mwaka 1954. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne kichwa cha shujaa wetu kilikuwa kitu katika mkusanyo wa watu wengine. Asiyekusanya mwenyewe hukusanywa na wengine.

Vyombo vya chuma, sarafu na kipande

Vitabu ni sehemu moja tu. Waingereza walipoondoka mwaka 1961 waliacha vyombo vingi, na vingine vilikwisha kuwa vyetu kwa matumizi. Cherehani iliyoshona kanzu za vijiji vizima, karabai iliyomulika harusi na misiba, chemni ya mlinzi wa stesheni, taipureta ya karani wa mahakama ya chifu, sefu ya chuma ya duka la Mhindi, kengele na taa za reli: vyote hivi vina historia. Reli peke yake ilibadili majina mara kadhaa. Kwanza ilikuwa Reli ya Tanganyika, tangu mwaka 1948 ikawa chini ya Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kisha mwaka 1977 Shirika la Reli Tanzania. Chombo chenye alama za herufi za shirika la zamani hueleza umri wake chenyewe, kama mkusanyaji anajua kusoma.

Sarafu na stempu ni vitu ambavyo hata mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuanzia. Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye sura ya simba na milima nyuma yake, ilianza kutolewa mwaka 1921. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1948 zilikuwa na robo ya madini ya fedha. Tangu mwaka huo zikawa za shaba na nikeli. Senti zenye tundu katikati ziliweza kutungwa katika uzi. Tanzania ilitoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966. Katika stempu, za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilianza mwaka 1922. Kabla ya hapo zilitumika stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa juu yake herufi tatu, G.E.A. Bahasha nzima yenye muhuri wa posta ya Kilosa ina thamani ya historia kuliko stempu iliyobanduliwa, kwa kuwa inaonyesha mahali, siku na njia iliyopita barua.

Hata hivyo, tukiulizwa ni kitu gani cha zama za Waingereza tungependa kitunzwe kwanza katika Kilosa, hatungetaja kitabu cha Burton wala shilingi ya fedha. Tungetaja kipande. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko yalifanywa kazi na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wametoka mbali kwa mikataba. Hao waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mfanya kazi alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyoimaliza kazi aliyopimiwa, kadi ilitiwa alama. Siku asiyoimaliza, haikutiwa. Hakulipwa mpaka nafasi zote 30 zijae, hata kama zilichukua wiki nyingi. Mashine iliyokwangua majani ya mkonge, ambayo wafanya kazi waliiita korona, ina chuma kizito na haiibiwi kwa urahisi. Kipande ni karatasi ndogo. Mwenyewe akifa, hutupwa pamoja na nguo zake kuukuu.

Hilo ndilo jibu letu kamili kwa wale wanaouliza kwa nini tutunze vitu vya mkoloni. Kipande kilipigwa chapa kwa amri za mkoloni, lakini alama zilizomo ni jasho la baba zetu. Ukikitupa hukumwadhibu mkoloni. Umemfutia baba yako siku 30 za kazi, na safari hii hakuna karani wa kumlalamikia. Na katika Kilosa, ambako wajukuu wa manamba wanaishi pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kadi hizo ndizo hati za kuja kwa koo nyingi. Wenyeji wana makaburi ya mababu na hadithi za milima. Waliokuja kwa mkonge mara nyingi wana kipande tu.

Namna ya kukusanya na kutunza

Mkusanyaji mwema hutofautiana na mchuuzi kwa jambo moja: huandika. Kitu kisichojulikana kilitoka kwa nani, lini na kilitumika vipi kimepoteza nusu ya maana yake. Kwa hiyo kabla ya kukichukua chombo, ni lazima kuandika jina la kijiji, kazi ya chombo, maelezo ya mwenyewe kwa maneno yake, na tarehe. Kama mwenyewe hataki kukitoa, na akiandikiwa maelezo tu, kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Katika vitabu, wakusanyaji hutazama kwanza ukurasa wa anwani: mahali pa kuchapishwa, jina la mchapishaji na mwaka. Toleo la kwanza ndilo linalothaminiwa zaidi. Kisha huhesabu picha na ramani, kwa maana vitabu vya wasafiri vilikuwa na ramani za kukunjwa ambazo mara nyingi zimechanwa. Jalada la asili, hata likiwa limechakaa, ni bora kuliko jalada jipya la kupendeza. Majina ya wenyewe wa zamani na mihuri ya maktaba visifutwe, maana hiyo ndiyo nasaba ya kitabu. Kadhalika sarafu za kale hazisuguliwi kwa mchanga wala ndimu, kung'arishwa huziharibu.

Adui wa karatasi katika nchi yetu ni mchwa, mende, nondo, unyevu, jua na mikono michafu. Kitabu kisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani, bali juu ya rafu yenye nafasi nyuma yake ili hewa ipite. Gundi ya karatasi ya nailoni isitumike kuungia kurasa, kwa kuwa baada ya miaka huacha madoa ya manjano yasiyotoka. Katika Kilosa adui mkubwa kuliko wote ni maji. Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao na kuiharibu reli. Katika balaa kama hilo watu huokoa watoto na chakula, na ndivyo ipasavyo; sanduku la makaratasi halikumbukwi. Kwa sababu hiyo nakala, hata ikiwa ya picha iliyopigwa kwa simu, yafaa iwekwe mahali pengine mbali na mto.

Sheria nazo hatuna budi kuzijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda hasa vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, vitu vya utamaduni vilivyotengenezwa nchini baada ya hapo, na milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940. Kuvipeleka nje bila kibali ni kosa. Nyaraka za ofisi za serikali zinalindwa na sheria nyingine, ya mwaka 2002: hizo ni mali ya umma, hata ukizikuta zimefungiwa karanga sokoni. Lakini cherehani iliyotengenezwa Uingereza, au kitabu cha Stanley kilichonunuliwa dukani London, havimo wazi katika mafungu hayo. Mwenyewe aweza kumwuzia mpita njia kwa bei ya kilo ya chuma chakavu, na mpita njia akamwuzia mwingine ng'ambo kwa fedha nyingi. Mahali ambapo sheria haifiki, elimu ndiyo mlinzi.

Wajibu wa shule

Tunapendekeza basi kwamba kila shule ya sekondari katika Kilosa na Mikumi iwe na daftari la vitu vya kale. Hatusemi jumba la makumbusho, maana jumba linahitaji fedha. Daftari linahitaji kalamu. Kila mwanafunzi wakati wa likizo aulize nyumbani: kuna kipande? kuna stakabadhi ya kodi ya kichwa? kuna Mambo Leo, cheti cha ubatizo, picha ya harusi, kitabu cha kusomea cha babu? Aandike alichokikuta na kukiacha pale pale kwa wenyewe. Kitu kikionekana kuwa adimu, mwalimu awaarifu Makumbusho ya Taifa au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na historia ya wilaya ambayo hakuna Bwana Shauri aliyepata kuiandika, kwa kuwa itakuwa imeandikwa na watu wa ndani, wanawake wakiwa wameulizwa na manamba wakiwa wametajwa kwa majina.

Kazi hii haingoji. Leo reli mpya ya kisasa inapita katika nchi ya Kilosa, na abiria wa kwenda Dodoma, tangu mwaka 2024, huipita milima ya Usagara kwa muda mfupi usiotosha kumaliza kurasa chache za Stanley. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia. Lakini jipya linapokuja, la zamani hutupwa kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote.

Mangungo wa Msovero alitia alama yake katika karatasi asiyoweza kuisoma, na nchi ikaenda. Wajukuu wake sasa wanasoma. Itakuwa aibu kubwa ikiwa watu waliopotezewa nchi kwa karatasi iliyoandikwa, baada ya kujifunza kusoma, watapoteza historia yao kwa karatasi zilizotupwa.